Mdogo wangu ameitwa chuo kikuu lakini yeye anataka umeme. Mama auze ploti ama tuachane na digrii?

Dada_wa_Kayole

Habari zenu wadau. Naomba mawazo ya watu wamepitia haya mambo, si matusi tafadhali, juu hapa nyumbani tumegawanyika kabisa na tarehe ya kuripoti inakaribia.

Mdogo wangu wa kike alipata C+ kwa KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, na KUCCPS, wale hupanga wanafunzi vyuoni, ikamweka kozi ya uhusiano wa kimataifa, chuo cha umma kiko mbali na Nairobi. Barua inasema kozi ni 180,000 kwa mwaka, na serikali imetuweka bendi ya nne, zile bendi za kupima uwezo wa familia, kwa hivyo familia inafaa kutoa asilimia 30. Mama anauza mboga hapa Kayole, baba hayuko tena, mimi niko kwa supermaketi napata 24,000 na hiyo ndio inalipa nyumba na kumsomesha kijana wetu wa mwisho ako form two.

Sasa shida ni mbili. Ya kwanza mama anataka kuuza ploti yetu ya Joska, hamsini kwa mia, alinunua na pesa ya chama pole pole mpaka akamaliza. Broka amesema inaweza toa laki sita. Mama hataki kusikia kitu ingine, kwetu hakuna mtu ashawahi enda yuni na kanisani washaombea huyo mtoto mbele ya watu wote. Ya pili mtoto mwenyewe hataki hiyo kozi, anataka diploma ya umeme, na si ati anasema tu. Juzi jirani alileta inveta ya sola imekufa, huyu msichana akaiweka kwa meza ya jikoni kando ya sufuria ya githeri, akatoa skrubu moja moja akizipanga kwa kifuniko cha Blue Band ndio zisichanganyike, akapitisha tester kila mahali, kesho yake akaenda Luthuli kwa maduka ya elektroniki akarudi na kafyuzi kadogo na ile kitu ikawaka. Jirani alimpa 500. Mama aliona hayo yote na bado anasema umeme ni kazi ya wavulana wa mjengo.

Mimi niko katikati. Naona digrii ni ngumu kukataa juu hiyo nafasi ukiiacha unaweza ikosa kabisa, lakini pia naona wenye digrii wengi tu wako hapa mtaani wanauza mitumba na simu. Kweli hiyo karo inarudi? Ama ni sisi tunalipia jina?

---

Hesabu_Kwanza

Dada kabla ya kuuliza kama inarudi, uliza kwanza ni pesa ngapi, juu watu wengi husoma ile barua wanaona 180,000 wanashtuka wanakimbia kuuza shamba, na wengine wanaona asilimia 30 wanafikiri ni hiyo tu. Zote si kweli.

Kwa bendi ya nne serikali inaweka ufadhili asilimia 40, hiyo ni 72,000 na hairudishwi. Mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, asilimia 30, ni 54,000. Nyinyi 54,000. Hapo ndio karo imeisha. Lakini mtoto hali karo. Mahali kama hapo bedsita ya nje ya chuo weka 4,500 kwa miezi 9, ni 40,500. Chakula 200 kwa siku, siku kama 270, ni 54,000, na hiyo 200 ni ugali sukuma na chai, si maisha ya raha. Nauli ya kuja nyumbani, bando, kuprinti, sabuni, pedi, weka 15,000. Jumla 109,500. Kutoka hapo toa pesa ya matumizi ya HELB, kwa bendi yenu piga hesabu na 45,000. Inabaki 64,500.

Kwa hivyo kwenu kutatoka 54,000 na 64,500, ni 118,500 kwa mwaka. Miaka 4 ni 474,000. Na yeye akimaliza ana deni la 99,000 mara 4, ni 396,000, kabla ya riba. Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka, hiyo ni kama 1,320 kila mwezi ya riba peke yake, hata hujagusa deni lenyewe. Inafaa aanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza, na asipolipa kuna faini ya 5,000 kila mwezi na jina linaenda CRB, kwa orodha ya wasiolipa mikopo. Hiyo faini ndio inaua watu, si riba.

Sasa upande wa diploma, hapa ndio watu hujidanganya sana ati teknikali ni bure. Karo ya poli, yaani chuo cha teknikali, ni kama 67,000 kwa mwaka kabla ya msaada wowote. Akitoka Kayole kila siku mpaka poli ya Kabete, nauli ya kwenda na kurudi weka 250, siku 180, ni 45,000. Lunchi ya 100, 18,000. Tayari uko 130,000, na bado hajanunua ovaroli, buti, koleo na tester yake. Miaka 3 ni 390,000. Umeona? Pesa inayotoka mfukoni mwa mama haitofautiani sana! Tofauti kubwa ni mbili tu: deni la karibu laki nne, na mwaka mmoja wa kazi. Akiomba ufadhili na mkopo wa TVET, yaani wa vyuo vya ufundi, hiyo 390,000 inashuka, na aombe, portal ya HEF ya kuomba ufadhili inachukua watu wa teknikali pia, si yuni peke yake.

Kitu ya mwisho. 118,500 kwa mwaka ni kama 9,900 kwa mwezi. Karo inalipwa kwa semista, kodi kwa mwezi, chakula kwa siku. Hakuna mahali mtu atawaitisha laki sita asubuhi moja. Mkiuza ploti leo hiyo pesa itakaa kwa akaunti na kila shida ya ukoo itaijua. Usiuze kitu kizima kulipa deni linakuja vipande vipande.

---

Baba_Wawili

Namba za Hesabu ziko sawa ila muongeze moja, hizo asilimia za bendi msizichukue ni kama zimeandikwa kwa jiwe mpaka amalize. Mfumo ulianza 2023, Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unakiuka katiba, mambo ikaenda Mahakama ya Rufaa, na bei za kozi zenyewe zimekuwa zikirekebishwa. Mwenye anaingia leo hajui mwaka wa tatu atalipa aje. Muwe na kitu kando.

Na mkate rufaa ya bendi. Mama muuza mboga, mjane, watoto wawili wanasoma, hiyo si bendi ya nne kwa maoni yangu. Kwenye portal kuna mahali pa kuomba iangaliwe upya. Mwende na cheti cha kifo cha baba, barua ya chifu na risiti za karo za huyo wa form two. Mkishuka hadi bendi ya pili, familia inatoa asilimia 10 badala ya 30, yaani 18,000 badala ya 54,000. Fanyeni hiyo kwanza kabla ya kugombana na mama.

---

Mzee_wa_Jericho

Binti, mimi nitamtetea mama yako kidogo kwa sababu naona vijana hapa mtamwona kama hajui mambo.

Sisi tulipokuwa vijana, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa ndicho pekee cha umma nchini tangu 1970 mpaka Moi ilipofunguliwa 1984. Aliyeingia pale alikuwa mtu wa kijiji kizima. Serikali ilikuwa na mkopo wa wanafunzi tangu 1974, na wakiwa chuoni wanapewa pesa mkononi wakiiita boom, wengine wakituma nyumbani kusomesha wadogo zao. Ukimaliza kazi iko, nyumba ya serikali iko, na si lazima ujue mtu. Kisha 1991 ikaja habari ya kuchangia gharama, boom ikaanza kukauka, HELB ikaundwa 1995, na 1998 Nairobi wakafungua parallel kwa wenye uwezo wa kulipa wenyewe. Kuanzia hapo milango ikawa mingi. Leo vyuo vikuu ni zaidi ya 60. KCSE ya 2024 peke yake waliopata C+ kwenda juu walikuwa 246,391, na ni mwaka mmoja huo.

Mama yako alipokuwa msichana aliona kwa macho yake kwamba digrii inatoa mtu kwa umaskini. Hakudanganywa, ilikuwa hivyo kweli. Kilichobadilika ni kwamba zamani cheti kilikuwa kichache na kazi zikakitafuta, sasa cheti ni kingi na chenyewe ndicho kinatafuta kazi. Mweleze namna hiyo, kwa heshima, usimwambie eti digrii haina maana. Ukimwambia haina maana atasikia unadharau miaka yake yote sokoni.

Na jambo la kanisa lisikusumbue. Waumini wataomba tena.

---

Wa_HR_Indaa

Mimi naajiri watu kiwandani Industrial Area na nitaongea upande ambao watu wa mtandaoni hawapendi kusikia. Digrii bado inafanya kazi, tena sana, lakini si pale mnafikiria.

Kazi ya kwanza, ni kweli, diploma ya ufundi inaweza kumpita mwenye digrii ya sanaa. Nikitangaza nafasi ya fundi wa umeme napata watu wachache ambao wanaweza kusimama mbele ya paneli ya mota wakaniambia ni kontakta imeungua ama ni kebo. Nikitangaza nafasi ya ofisi napata barua pepe mpaka inajaa. Hiyo sehemu mko sawa.

Lakini kaa miaka minane, kumi. Yule fundi mzuri amekuwa suvaiza, anaongoza watu, anajua mitambo kuliko meneja. Nafasi ya meneja wa matengenezo ikitokea, karatasi ya masharti inasema digrii. Mimi siwezi kuibadilisha, na nimeona watu wazuri sana wakipitwa na mtoto wa juzi. Serikalini ni hivyo hivyo, mwenye diploma na mwenye digrii wanaanza daraja tofauti, na wa diploma anafika mahali anaambiwa arudi shule. Anarudi akiwa na miaka 35, na watoto, masomo ya jioni na wikendi, na analipa karo nzima bila ufadhili wa serikali.

Kwa hivyo swali langu kwa dada si digrii ama diploma. Ni digrii GANI. Alipata nini hesabu na fizikia? Hujatuambia na hapo ndio kila kitu kiko.

---

Dada_wa_Kayole

Asanteni sana jamani, kweli sikutarajia watu wataandika hivi vizuri. Mzee ubarikiwe, nimemsomea mama maneno yako akanyamaza kidogo.

Hesabu alipata C+, fizikia B-, kemia C, Kiingereza B. Ile ya uhusiano wa kimataifa ilikuwa chaguo la chini kabisa, mwalimu aliwaambia wajaze nafasi zote wasiache wazi.

Kuna mtu amesoma hiyo kozi hapa atuambie ukweli? Mama anasema ukiisoma unaenda kufanya kazi Gigiri kwa UN.

---

Nje_ya_Nchi_Ndani

Mimi nimeisoma. Niliipenda na ningeisoma tena, nataka hiyo ijulikane kwanza, juu watu huisema vibaya na hawajui kitu iko ndani. Unasoma mikataba, historia ya Afrika, sheria ya kimataifa, uchumi. Nilijifunza kuandika ripoti mtu akaisoma mpaka mwisho. Sai niko na kampuni ya kusafirisha mizigo karibu na uwanja wa ndege wa JKIA, nashughulika na makaratasi ya forodha na wateja wa nje, na hiyo kazi niliipata juu najua kuandika na juu nilijisomea Kifaransa kando.

Kuhusu Gigiri mwambie mama ukweli kwa upole. Ofisi za UN ziko hapo kweli, lakini nafasi za kitaalamu mara nyingi zinataka digrii ya pili, ama ya kwanza na miaka ya ziada ya kazi, na lugha ya pili inasaidia. Na hushindani na Wakenya peke yao, ni dunia. Wizara ya mambo ya nje nayo haiajiri kila mwaka. Hii kozi inafaa mtu anaipenda mpaka atafanya zile kazi za ziada bila kusukumwa, lugha, kujitolea, kuandika. Mtu ambaye roho yake iko kwa inveta akipelekwa huko atakaa darasani miaka minne akingoja iishe. Nilikuwa na wenzangu hivyo, wengine waliacha mwaka wa pili. Na kuacha njiani ndio hasara mbaya kuliko zote, deni liko na cheti hakiko.

---

KijanaWaUmo

Msiuze ploti!!! Joska barabara iko poa na watu wanajenga, hiyo laki sita ya broka ni bei ya mtu ana haraka. Mama akihitaji pesa ajiunge na SACCO, aweke kidogo kidogo, aombe mkopo wa karo, riba iko chini. Ama akodishe hiyo ploti mtu alime nyanya ama aweke yadi ya mawe na mchanga. Ploti ikienda haitarudi na digrii si ya mtoto mmoja, kuna huyo wa form two bado.

---

Stima_Mama

Nimekuja hapa juu ya hiyo laini ya "kazi ya wavulana wa mjengo". Dada mwambie mama kuna mwanamke anaitwa fundi Ruiru na Kitengela na analipa kodi yake na hiyo kazi, ni mimi.

Acha nieleze venye hii kazi inaenda, juu watu hufikiri ni kushika waya tu. Kenya kuna watu wengi wanajua umeme, wanaoruhusiwa kisheria kutia sahihi ndio wachache. Nyumba mpya ikitaka stima, Kenya Power inataka cheti kwamba waya zimepimwa na fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kusimamia kawi. Bila hiyo sahihi haiwashwi. Kwa hivyo vijana watano wanaweza kuvuta waya nyumba nzima, wanalipwa kwa siku, halafu anaitwa mtu mmoja mwenye leseni aje apime kila soketi, apime athi, ajaze fomu atie sahihi. Huyo halipwi kama wale watano. Leseni ni ngazi, unaanza C2 unapanda C1, B, mpaka A. Sola nayo iko na zake, T1 ni mifumo midogo, T2 ya kati, T3 mikubwa na ile imeunganishwa na gridi. Hizo sheria za sola ziko tangu 2012. Unaomba na karatasi zako za shule na kazi umefanya, wanakuita intavyu, wanakuuliza maswali ya kweli. Ukikariri unajulikana.

Sasa mtu bila karatasi ya shule anaweza pia kupanda, anapitia mtihani wa ufundi wa NITA, gredi ya tatu, ya pili, ya kwanza, lakini ni safari ndefu na wengi hukwama kwa kibarua cha 800 kwa siku. Ndio nasema asome. Diploma haimfanyi fundi, inamfanya aweze kuomba leseni mapema akiwa bado kijana.

Uzuri mwingine wa huyo msichana ni ile kitu umesema, alipanga skrubu kwa kifuniko. Mnaona ni jambo dogo lakini mimi nimefanya na watu wa digrii wanafungua kitu na wanabaki na skrubu mbili mkononi wanaangaliana. Na amepata fyuzi kwa kupima, hakubahatisha. Huyo asipotezwe.

Kuhusu usalama na heshima kwa saiti, kuna shida, sitadanganya. Mafundi wengine wanakuita mrembo badala ya jina, mwenye nyumba anauliza fundi ako wapi na umesimama mbele yake na tester mkononi. Lakini wateja wanawake, wale wanaishi peke yao na watoto, wanatafuta fundi mwanamke mpaka wanangoja wiki nzima nikiwa na kazi nyingi. Hiyo soko iko na haijajaa.

---

Mwalimu_wa_Poli

Nafundisha umeme, sitaji chuo. Kwa hizo alama, C+ hesabu na B- fizikia, kuna njia ya tatu na nashangaa hakuna mtu ameitaja vizuri. Wa_HR_Indaa ameigusa tu.

Kozi nyingi za uhandisi na teknolojia zinataka C+ hesabu na fizikia, kwa hivyo mlango haujafungwa. KUCCPS hufungua dirisha la kuhama kutoka chuo kimoja kwenda kingine baada ya kupangwa, na mtu anaweza kuomba kozi nyingine ya digrii mradi alama zake zinafika kiwango cha mwaka huo cha hiyo kozi. Kama Technical University of Kenya hapo mjini kuna kozi za teknolojia ya umeme, na angelala nyumbani. Lakini angalieni kiwango cha alama cha mwaka huu, na muangalie bei, kozi za uhandisi ni ghali kuliko za sanaa na asilimia 30 ya bei kubwa ni pesa kubwa. Kemia C inaweza mzuia mahali pengine.

Ikishindikana, diploma si mwisho wa njia. Kwa mfumo wa taifa wa vyeti diploma ni level 6 na digrii ni level 7, na kuna vyuo vinapokea mtu wa diploma na kumpunguzia masomo aliyokwisha kufanya. Anaweza kufanya diploma, afanye kazi, apate leseni, arudi digrii kwa pesa yake mwenyewe. Tofauti tu ajue mapema: mtu wa diploma anasajiliwa kama teknishani na bodi ya KETRB, ile ya sheria ya 2016. Kuitwa mhandisi kwa sheria ni lazima digrii iliyokubaliwa na Engineers Board. Hilo hata uwe na uzoefu wa miaka 30 halibadiliki. Kama ndoto yake ni kusanifu mitambo mikubwa, apigane na digrii sasa. Kama ndoto ni kutengeneza na kuwa na kampuni yake ya sola, diploma inamfikisha.

Mkichagua diploma msilipe pesa kwa chuo chochote mtaani kina bango la rangi. Mwende wenyewe. Muulize kama kimesajiliwa na TVETA, wale wanasimamia vyuo vya ufundi, na mtihani unatolewa na nani, KNEC ama CDACC, halafu muombe kuingizwa karakana siku ya kawaida, si siku ya wageni. Muangalie wanafunzi wangapi kwa mota moja. Kama vifaa viko na plastiki yake bado, ondokeni.

---

Dada_wa_Kayole

Jamani. Nimesoma yote nikiwa kwa matatu na nimesoma tena nyumbani kwa sauti, mama akiwa anachambua mboga.

Ile hesabu ya 118,500 ndio ilimshika, alidhani ni laki mbili kila mwaka kutoka mkononi. Amesema ploti ikae kwanza. Kuhusu umeme hajakubali, lakini aliuliza huyo mama wa Ruiru ana watoto ama hana, kwa hivyo naona anafikiria. Mdogo wangu naye anasema akipata hiyo ya teknolojia hapa mjini ataenda mbio, na asipopata anataka diploma, ile ya uhusiano wa kimataifa hapana.

Tumekubaliana hivi: tunakata rufaa ya bendi na makaratasi ya baba, halafu Jumatatu nimeomba ruhusa kazini niende KUCCPS hapo ACK Garden House niulize dirisha la kuhama linafunguliwa lini na kama inafaa akubali kwanza nafasi aliyopewa. Naogopa tu tukihangaika na kuhama, nafasi za poli zijae. Mwalimu, anaweza kuomba zote mbili kwa wakati mmoja?

---

Mwalimu_wa_Poli

Uliza hapo hapo KUCCPS upate jibu la mwaka huu, wao ndio wanaopanga pia watu wa diploma kwa vyuo vya umma, usitegemee mtu wa mtandaoni kwa hilo. Ila vyuo vya teknikali vingi vinapokea watu zaidi ya mara moja kwa mwaka, Januari, Mei, Septemba, kwa hivyo akikosa mmoja hajakosa mwaka. Beba nambari yake ya mtihani, nakala ya matokeo na kitambulisho, na uende mapema, foleni ya asubuhi ni fupi.

---

Stima_Mama

Mwambie mama niko na wawili, mkubwa ako gredi ya nane. Na kama mtaamua umeme, hizi wiki mnangoja huyo msichana asikae bure. Jumamosi mimi huwa saiti. Niandikie inbox, aje na mama akitaka, avae suruali na viatu vimefunika vidole, ovaroli nitampa.